Kujenga baiskeli ya gia moja kutoka fremu tupu: vipimo vya kujua kabla ya kununua chochote

Baiskeli nyingi zinazobeba mkaa, maji na maziwa Afrika Mashariki ni za gia moja. Phoenix ya Kichina haina gia za kubadilisha, wala zile nyeusi ambazo Wakenya huziita Black Mamba. Siri yao ni ndogo tu: vifaa vikiwa vichache, vya kuharibika navyo ni vichache.

Unaweza kupata faida hiyo hiyo kwenye baiskeli nyepesi inayokutosha mwilini. Unanunua fremu tupu, mara nyingi ya mtumba, kisha unaivalisha vifaa kimoja kimoja.

Wengi huchemka kwenye vipimo. Milimita chache zikizidi, kifaa ulichokwisha kulipia hakiingii. Na kosa likiwa kwenye breki, hasara inahama kutoka mfukoni kwenda mwilini.

Friwili au gia ya kudumu?

Baiskeli ya gia moja ina sproketi moja mbele na moja nyuma. Yenye friwili inakuruhusu kuacha kukanyaga ukiwa kwenye mteremko. Kwenye gia ya kudumu, pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, utake usitake.

Gia ya kudumu huhitaji habu yenye nati ya kufunga, ambayo nyuzi zake huzunguka kinyume. Ukifunga sproketi ya kudumu kwenye habu ya friwili isiyo na nati hiyo, inaweza kufunguka ukijaribu kupunguza mwendo kwa miguu. Kwa barabara zenye daladala, matatu na bodaboda, friwili ndiyo chaguo salama kwa anayeanza.

Kagua fremu kwanza

Beba sumaku ndogo. Ikinasa, fremu ni ya chuma. Isiponasa, huenda ni ya alumini. Jambo hili ni muhimu kwa sababu fundi anaweza kuipanua kidogo fremu ya chuma kwa nyuma ili gurudumu liingie. Ya alumini au kaboni haipanuliwi, inapasuka.

Tafuta nyufa kwenye maungio, hasa karibu na usukani na pale ekseli ya pedali inapopita. Rangi iliyovimba inaweza kuficha kutu.

Halafu fanya kipimo cha uzi. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi nao upande wa pili. Pima umbali kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 au 3, fremu imepinda.

Mwisho, angalia mdomo unaoshika ekseli ya nyuma. Ukiwa umelala, unaweza kusogeza gurudumu nyuma na kukaza mnyororo. Ukiwa umesimama wima, gurudumu halisogei, hivyo utahitaji kifaa cha ziada cha kukaza. Kwa gia moja, fremu yenye mdomo uliolala inakupunguzia kazi na gharama.

Vipimo vya kuandika kwenye simu

Kabla ya kwenda dukani, andika haya:

- Upana wa nyuma, ndani kwa ndani, pale ekseli inapokaa. Fremu nyingi za gia moja za mashindano ni milimita 120, za barabara za zamani 126, za barabara zilizofuata 130, za milimani 135.
- Tundu la ekseli ya pedali. Upana wa milimita 68 ni wa kawaida sana, na mara nyingi nyuzi zake ni za Kiingereza. Ukikuta 70, huenda nyuzi ni za Kiitaliano, na vifaa vya aina hizo mbili haviingiliani.
- Kipenyo cha nguzo ya siti. Milimita 27.2 ni maarufu, lakini vipo vingi vinavyokaribiana. Tofauti ya milimita 0.2 inatosha nguzo kukwama au kuteleza.
- Bomba la usukani. Fremu za zamani huchukua uma wa inchi 1 wenye nyuzi. Nyingi za baadaye huchukua inchi 1 na 1/8 usio na nyuzi.

Magurudumu: inchi zinadanganya

Usiamini jina la saizi peke yake. Gurudumu la 700C lina kipenyo cha milimita 622 pale tairi inapokaa. La inchi 27 lina 630. Kwa macho yanafanana, lakini tairi la moja halikai kwenye jingine.

Fremu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa inchi 27. Ukiweka 700C, rimu inashuka kwa milimita 4, hivyo raba za breki nazo lazima zishuke kiasi hicho. Hakikisha mikono ya breki inafika kabla ya kulipa.

Hesabu ya meno

Huna gia ya kubadilisha, kwa hiyo uwiano utakaochagua utaishi nao kwenye mlima na kwenye tambarare.

Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma. Meno 44 kwa 16 ni 2.75. Kwa gurudumu la 700C lenye mzunguko wa karibu mita 2.1, kila ukizungusha pedali mara moja unasogea kama mita 5.8. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 28 kwa saa. Hiyo inafaa mji wa tambarare kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam.

Meno 42 kwa 18 ni 2.33, sawa na mita 4.9 kwa mzunguko. Ni polepole, ila Mwanza, Kampala au Kigali magoti yako yatashukuru.

Mnyororo unyooke

Minyororo ya gia moja mara nyingi ina upana wa ndani wa inchi 1/8, na ile ya baiskeli za gia nyingi ni inchi 3/32. Mnyororo mpana hufanya kazi kwenye sproketi nyembamba. Mwembamba haukai kwenye sproketi nene.

Sproketi mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Pima kutoka katikati ya fremu hadi sproketi ya mbele, kisha kutoka katikati ya habu hadi ya nyuma. Namba zilingane. Zikipishana, mnyororo utapiga kelele, utakula meno na unaweza kuruka ukiwa katikati ya barabara.

Mpangilio wa kufunga

1. Uma na beringi za usukani, zikiwa na grisi.
2. Ekseli ya kati na mikono ya pedali. Kwa nyuzi za Kiingereza, kikombe cha upande wa kulia hukazwa kinyume cha saa.
3. Nguzo ya siti. Kwenye fremu ya chuma ipake grisi, la sivyo kutu itaigandisha. Usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye nguzo.
4. Magurudumu, kisha usukani na breki.
5. Mnyororo. Ukiubonyeza katikati, ucheze kama sentimita 1. Zungusha pedali taratibu na pima tena sehemu kadhaa, maana sproketi nyingi si duara kamili.
6. Pedali. Ya kushoto hukazwa kinyume cha saa.

Kama huna spana maalumu ya ekseli ya kati, hatua ya 2 mpe fundi. Nyuzi za fremu zikiliwa, ukarabati wake ni mgumu kuliko bei ya kumlipa fundi kazi ya dakika chache.

Breki mbili, bila mjadala

Wapo wanaoondoa breki ya nyuma, au zote, ili baiskeli ionekane safi. Kwenye baiskeli ya friwili, breki ndiyo njia pekee ya kusimama. Ukiwa na moja na waya ukakatika, huna kitu.

Raba ziguse rimu tu. Zikigusa tairi, zitaitoboa. Zikishuka chini ya rimu, zinaweza kuingia kwenye spoku.

Kabla ya safari ya kwanza, shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele kwa nguvu: gurudumu la nyuma linyanyuke. Shika ya nyuma: gurudumu lisote bila kuzunguka. Vuta kila gurudumu kushoto na kulia, lisicheze. Endesha mahali pasipo na magari, rudi, kisha kaza upya nati za ekseli, mikono ya pedali na usukani. Vifaa vipya hukaa sawa baada ya kubeba uzito, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi inaweza kuwa imelegea jioni.