Mbwa wa Viraka: Historia ya Kitambaa Kimoja cha Ngagara

Mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja alete darasani kitu cha nyumbani kilichomzidi umri, aeleze kimetoka wapi na kinafundisha nini. Wenzangu walileta vyungu, redio na picha za zamani. Mimi nilileta mfarishi wa bibi yangu, yaani kitambaa cha tabaka mbili kilichotiwa pamba katikati na kushonwa pamoja. Upande wa mbele una sura ya mbwa iliyoundwa kwa viraka vya vitenge. Ulikaa sandukuni karibu miaka thelathini bila kumalizwa. Katika insha hii nitaeleza jinsi tulivyoumaliza ili uweze kutundikwa, na historia tuliyoikuta ndani yake.

Tunaishi Ngagara, mtaa ulioko kaskazini mwa Bujumbura. Nyumba zake za mwanzo zilijengwa miaka ya 1950, wakati Burundi ilikuwa chini ya Ubelgiji na mji huu ukiitwa Usumbura. Aliyejenga ni shirika la kikoloni lililoanzishwa mwaka 1952, Office des Cités Africaines, na kwa sababu hiyo wazee bado wanauita mtaa wetu Okafu. Nyumba hizo zilikusudiwa Waafrika waliofanya kazi mjini. Lakini watawala hawakutaka kujenga kuta tu. Walitaka pia kuamua namna ya kuishi ndani yake.

Kazi hiyo ilipewa Foyer Social, kituo cha mafunzo ya wanawake. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt alichapisha mwaka 1990 utafiti wake kuhusu Foyer Social ya Usumbura kati ya mwaka 1946 na 1960. Wanawake walifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma, kupiga pasi, kupika na kulea watoto kwa desturi za Kibelgiji. Walimu walikwenda pia majumbani kuwatembelea. Lengo lilikuwa kumtengeneza mke atakayemfaa mume mfanyakazi wa mjini, naye abaki nyumbani akiitunza nyumba.

Mama yake bibi alipita huko. Bibi anasema sheria aliyorithi kwake ni moja: upande wa nyuma wa kitambaa lazima uwe safi kama wa mbele, kwa maana mgeni mjanja hukigeuza. Hivyo ndivyo ushonaji wa Foyer ulivyoingia katika ukoo wetu.

Sasa nije kwa mbwa. Aliitwa Simba, naye alilinda nyumba ya bibi katika mtaa mwingine wa mji. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Katika miaka iliyofuata mitaa ya Bujumbura iligawanyika, na watu wengi wakahama ili kuokoa maisha yao. Bibi alihamia Ngagara na watoto wake pamoja na mabegi mawili. Simba alibaki getini. Hakuna aliyemwona tena, wala hatukuwa na picha yake. Ndipo bibi akaanza kumshona kwa kumbukumbu.

Vitambaa alivyotumia navyo vina historia. Mwili umetokana na suruali kuukuu ya babu. Mandhari ya nyuma ni kitenge cha kiwanda cha nguo cha Bujumbura, COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China. Kiwanda kile kilifungwa, na baadaye kazi ya nguo ikafufuliwa kwa jina la Afritextile, lakini watu hawajaliacha jina la zamani. Hata soko letu tunaliita Kotebu. Pamba ya katikati bibi aliitoa kwenye mto. Pamba hulimwa hapa karibu, katika bonde la Imbo, kwa hiyo huenda imetoka huko, ingawa mto hauna cheti.

Nilipoukunjua mfarishi, ulikuwa umepinda. Kitambaa kilichoshonwa sana hujivuta upande huu na ule, na kikitundikwa hivyo hulegea kona. Tulipima kutoka kona hadi kona. Mstari mmoja ulikuwa sentimita 94, mwingine 97. Kama kitambaa kimenyooka, vipimo hivyo viwili hulingana.

Kwanza tulijaribu rangi kwa kuzigusisha kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Nyekundu ya ukanda wa shingoni ilitoka, hivyo tuliacha wazo la kuuloweka. Tuliutandika juu ya godoro la sponji lililofunikwa shuka jeupe, tukaunyunyizia maji kidogo kidogo huku tukiuepuka ukanda ule. Tukauvuta polepole kwa viganja, tukauchoma pini zisizoshika kutu, kuanzia katikati ya kila upande na kumalizia kwenye kona. Uliachwa kivulini siku mbili, madirisha yakiwa wazi. Tulipoutoa, tofauti ilikuwa imebaki sentimita moja.

Hapo tulibishana. Fundi cherehani jirani yetu alishauri tukate kingo ili sentimita ile iishe. Nilikuwa tayari nimeshika mkasi. Lakini ukingo wa chini ndio uliokuwa na maandishi yaliyochapwa kiwandani, nusu ya jina ikisomeka. Tungeukata, mfarishi ungenyooka, na ushahidi wa mahali ulipotoka ungeingia kwenye takataka. Bibi alisema, “Mjukuu wangu, mama angekata. Mimi sikati.” Kwa hiyo tuliugeuza ukingo ule nyuma, tukaushikiza kwa mkono, maandishi yakabaki yakisomeka.

Pande tatu zilizobaki tulizifunga kwa utepe wa sentimita sita uliokunjwa mara mbili. Nyuma, juu, tulishona mfuko mrefu wa sentimita kumi wa kupitishia ufito, ili uzito ugawanyike badala ya kuning'inia kwenye misumari miwili. Sindano ilishika kitambaa cha nyuma na pamba tu, isitokee mbele. Tulichagua ukuta usiopigwa na jua, kwa sababu jua hula rangi.

Nilichojifunza ni kwamba ufundi uliofundishwa kwa kusudi moja unaweza kutumika kwa lingine. Foyer Social iliwafundisha wanawake kushona ili nyumba zionekane nadhifu machoni pa watawala. Bibi alitumia mishono hiyohiyo kuandika jambo ambalo hakuna ofisi iliyoliandika. Waliohama walihesabiwa, lakini walichokiacha getini hakikuhesabiwa. Nilijifunza pia kwamba anayemalizia kazi ya mwingine anaweza kuiharibu akidhani anaitengeneza. Mwanahistoria anapopanga ushahidi ili upendeze, ajiulize ni kitu gani anakikata.

Darasani mwanafunzi mmoja aliugeuza mfarishi kutazama nyuma, kama mama yake bibi alivyoonya, akasoma herufi za kiwanda kwa sauti. Sasa umetundikwa sebuleni. Bibi huutazama na kulalamika kwamba sikio lililolegea lilikuwa la kushoto, naye ameshona la kulia. Nilimuuliza kama tulifumue. Akasema tuliache, maana hana hakika, na wa kumwuliza hayupo.