Reli Iliyoiruka Busia

Busia haijawahi kuwa na stesheni. Mji huu wa foleni za malori, wenye nusu yake Kenya na nusu Uganda, haujasikia honi ya garimoshi hata siku moja. Aliyetaka treni alikwenda Butere, ilikoishia reli ya kutoka Kisumu mwaka 1930, au alivuka mpaka akaelekea Tororo.

Tororo yenyewe ilingoja sana. Iliyoitwa Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na wakati huo Kisumu ilikuwa Uganda kweli. Aprili 1902 Waingereza wakausogeza mpaka, reli yote ikajikuta katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa robo karne mizigo ya Waganda ikawa inavushwa ziwani kwa meli.

Njia ya nchi kavu ilipokuja, mwaka 1928, haikutoka Kisumu, jirani wa karibu. Ilianzia Nakuru, ikapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikapita Eldoret, ndipo ikateremka Malaba na kuingia Tororo. Walowezi wa Uasin Gishu walitaka mazao yao yabebwe, wakasikilizwa.

Mwaka uliofuata likachomoza tawi la Mbale na Soroti, Tororo ikawa njia panda ya pamba ya Teso. Zamani pamba hiyo ilivuka Ziwa Kyoga hadi Namasagali. Katika miaka ya 1960 tawi likarefushwa hadi Gulu na Pakwach.

Kisha mambo yakaharibika. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, vita vikafuata Teso na Acholi, na njia ya kaskazini ikalala takriban miaka 20, mataruma yakimezwa na nyasi. Ilifyekwa na kufunguliwa mwaka 2013, haikuchukua muda ikalala tena. Treni za abiria nchini Uganda zilikuwa zimekwisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Busia, iliyonyimwa reli, ilijitafutia usafiri wake. Vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, wakiita "boda, boda!" Inasimuliwa kuwa ndiko lilikotoka jina bodaboda, ingawa Malaba nayo hudai sifa hiyo.

Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, mkataba wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Itapita Tororo. Busia imerukwa tena.