Urambo Haikuwa Tupu

Mwaka 1946 moja ya shida kubwa za serikali ya Uingereza ilikuwa mafuta ya kula. Vita ilikuwa imekwisha mwaka mmoja nyuma, wao wakiwa upande wa washindi, na bado mama wa nyumbani wa London alipanga foleni na kitabu cha mgao mkononi ili apate kipande chake cha siagi na majarini cha wiki. Julai mwaka huo hata mkate, ambao haukuwahi kugawiwa kwa kipimo wakati wa vita yenyewe, ukaingizwa kwenye mgao. Chama cha Labour cha Clement Attlee kilikuwa kimeingia madarakani kwa ahadi nzito: matibabu ya bure, nyumba, ajira, malipo kwa wazee na wagonjwa. Ahadi hizo zilihitaji fedha, na hazina ilikuwa imekauka. Waliikopa Marekani dola bilioni 3.75, na kila tani ya chakula iliyonunuliwa kwa dola ilizidi kulimega deni hilo. Kwa hiyo wakubwa wa London wakaanza kutafuta kwenye ramani mahali ambapo mafuta yangepatikana kwa pauni. Kidole kimoja kikatua kwenye miombo, magharibi ya Tabora.

Mradi wa Karanga, jinsi wengi wetu tulivyousikia, huanza na kuishia Kongwa: matrekta, mibuyu, ukame, kicheko. Nachingwea hutajwa kwa sababu ya reli na bandari ya Mtwara. Urambo, eneo la tatu, hupita kama jina tu kwenye orodha. Nadhani ndiko lilikojificha swali lenyewe, maana Kongwa inatuonyesha mradi ulivyoshindwa, ilhali Urambo inatuonyesha ulivyowezekana kufikiriwa.

Wazo lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, yaani watengenezaji wa majarini. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, kwenda kuchunguza. Ujumbe wake ulitumia kama wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi ukiitazama kutoka kwenye ndege. Ulirudi na mpango wa ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. 80 kati yake Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. John Strachey, waziri wa chakula, ambaye miaka ya 1930 alikuwa mwandishi maarufu wa Kimarx, aliupokea kwa mikono miwili. Kwake mradi huu haukuwa unyonyaji wa kikoloni wa mtindo wa zamani. Ungewalisha wafanyakazi wa Uingereza na papo hapo kumfundisha Mwafrika kilimo cha kisasa. Nami sidhani alikuwa mnafiki. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua zaidi kuliko kingekuwa cha wezi wa kawaida.

Sifa iliyoiuza Urambo ilikuwa moja: ardhi tupu. Watu wachache, mbung'o wengi, msitu hadi upeo wa macho, na reli ya kati inapita katikati.

Hebu tuirudie historia ya utupu huo. Katika miaka ya 1870 hapa palikuwa kitovu cha dola. Mtemi Mirambo, ambaye jina lake na la nchi hii hayatengani, alijenga nguvu yake kwa kushika shingo ya njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Mwaka 1871 aliifunga, akawakosesha usingizi Waarabu wa Unyanyembe, na Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajikuta ameingia katika vita hiyo na kutoka mbio na wenzake. Dola ya namna hiyo haiishi msituni bila watu. Ruga-ruga walihitaji chakula, misafara ilihitaji chakula zaidi, na kila aliyepita na pembe za ndovu alilipa hongo na kununua mtama, mihogo, maharage, asali. Unyamwezi wa wakati huo ulikuwa nchi ya wakulima ambao kiangazi waligeuka wapagazi na masika wakarudi kwenye matuta yao.

Mirambo alifariki mwaka 1884 na dola yake haikudumu. Wakaja Wajerumani, na reli yao, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikafuata takriban njia ileile ya wapagazi na kuwanyang'anya kazi. Ikaja Vita ya Kwanza. Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yakaiteka Tabora, na vita ile, kama kila mahali Tanganyika, iliwala watu kwa upagazi wa lazima, njaa na maradhi. Kisha Waingereza na kodi yao, ambayo kijana wa Kinyamwezi aliitafutia senti kwenye mashamba ya mkonge, mamia ya maili kutoka nyumbani. Pale vijana walipopungua, pori lilirudi. Na pori liliporudi, mbung'o alirudi nalo.

Halafu malale. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Uingereza iliwahamisha maelfu ya watu wa jimbo hili la magharibi kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi maalumu, wafyeke pamoja na waishi mbali na mbung'o. Kitabibu hatua hiyo ilikuwa na mantiki yake, na iliokoa maisha. Lakini mashamba yaliyoachwa nyuma yalimezwa na miombo, makaburi ya mababu yakabaki na nyani. Miaka ishirini baadaye ndege ya wataalamu inapita juu, mtu anachungulia dirishani, anaandika: hakuna watu. Serikali ileile iliyowahamisha ndiyo iliyoshangaa kutowakuta.

Zaidi ya hapo, karanga zenyewe hazikuwa ngeni. Wanyamwezi walizilima kwa jembe la mkono, pamoja na njugu mawe, wakichanganya na mahindi au mtama ili mvua ikikosea zao moja, lingine lisalimike. Mkulima huyo alijua udongo upi hukakamaa jua likiwaka na upi hulegea. Hakuna aliyemuuliza. Na kama London ilitaka karanga za haraka, zilikuwapo: kaskazini mwa Nigeria, wakulima wadogo walikuwa wamevuna nyingi kiasi kwamba magunia yalirundikwa Kano kama piramidi, yakisubiri mabehewa ya kuyapeleka bandarini. Fedha kidogo ya injini na mabehewa ingefanya kazi ambayo ekari milioni tatu hazikuifanya. Ila behewa ni jambo dogo. Halimpi waziri hotuba ya kusoma bungeni.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Matrekta mapya hayakupatikana, yakanunuliwa mabovu yaliyosalia jeshini, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam wakagoma, mgomo ukapanda na reli hadi bara, Kongwa nako kazi zikasimama. Mwaka 1948 shirika la umma, Overseas Food Corporation, likachukua usukani. Januari 1951 serikali ikakiri yameisha na kufuta hasara ya pauni milioni 36 na nusu, mara kadhaa ya mapato ya mwaka mzima ya serikali ya Tanganyika. Muda wote huo, kama kilomita 90 mashariki ya Urambo, Tabora ilikuwa na shule zilizokuwa zikiandaa kizazi kingine cha wapangaji. Julius Nyerere alifundisha St. Mary's kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Serikali yake nayo, baada ya uhuru, ilianzisha makazi ya wakulima yenye matrekta na mameneja, ikayaacha mwaka 1966 kwa gharama kubwa. Imani katika trekta haikuondoka na Mwingereza.

Urambo haikurudi kuwa pori. Sehemu iliyokwisha kufyekwa ilijaribiwa zao jingine, tumbaku, na mwaka 1955 Tanganyika Agricultural Corporation ikarithi kazi hiyo. Tumbaku ilikubali udongo wa kichanga uliochoka. Inafaa kukumbuka kwamba Aprili 1947 waziri wa fedha wa Uingereza, Hugh Dalton, alipandisha sana ushuru wa sigara ili wananchi wapunguze kuvuta tumbaku ya Marekani inayolipiwa kwa dola. Sisemi Urambo ilipangwa London ili imalize kiu hiyo. Ila mradi ulioanzishwa kwa sababu ya siagi uliacha nyuma yake shamba la sigara.

Leo Tabora na tumbaku ni maneno pacha. Jani la tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa moto wa siku kadhaa mfululizo, na kuni zake hutoka kwenye miombo. Ekari ambazo matrekta ya Strachey hayakuzifikia zimefikiwa na shoka, mzigo kwa mzigo. Mkulima hukopeshwa mbolea kupitia chama chake cha msingi, huuza msimu ukifika, deni hukatwa kwanza. Bei ya kilo imekuwa ikitangazwa kwa dola ya Marekani, na mkulima wa Urambo ambaye hajawahi kuishika noti hiyo hufuatilia kupanda na kushuka kwake kwenye redio. Karanga zipo pia, kwenye vijishamba vya pembeni, zimechanganywa na mahindi.