Baruti nyeusi, Kivu na mkataba wa 1890

Wabelgiji walipoanzisha kituo cha Bukavu, huko Kivu mashariki mwa Kongo, mwaka 1901, bastola ya kushindilia baruti ilikuwa imeshapitwa na wakati. Samuel Colt wa Marekani aliisajili ya kwake mwaka 1836. Ile ya mwaka 1851, iliyopewa jina la Navy, ina matundu sita, na kila tundu hushindiliwa peke yake: baruti, risasi ya mviringo, mafuta mazito ili moto usirukie tundu la jirani, kisha fataki kwa nyuma. Ulaya leo watu huifanya kazi hiyo kwa starehe. Viwanda vya Gardone Val Trompia, Italia, vinatengeneza nakala mpya, na wenye shabaha hushindania ubingwa wa dunia.

Kivu ilikutana na baruti nyeusi kwa njia nyingine. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa yaliyodai kukomesha biashara ya utumwa yalitia saini mkataba kuhusu Afrika. Kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, bunduki bora, hasa zenye mifuo ndani ya mtutu, zikapigwa marufuku. Raia wa kawaida aliweza kuruhusiwa gumegume lisilo na mifuo na baruti ya kibiashara, tena kutoka ghala lililosimamiwa na serikali.

Sababu iliyotajwa, kuwanyang'anya silaha wawinda watumwa, haikuwa ya uongo. Ila majeshi ya wakoloni hayakubanwa na sheria hiyo. Katika vita vya 1892 hadi 1894, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walibeba bunduki za Albini za Ubelgiji dhidi ya watu wa Sefu, mwana wa mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip, ambao wengi wao walishika magobore. Miji yao ya Nyangwe na Kasongo ikaanguka mwaka 1893. Na Albini nayo ilitoa moshi uleule wa baruti nyeusi! Tofauti ni kwamba ililishwa kwa nyuma, risasi na baruti vikiwa pamoja ndani ya ganda. Mwenye gobore alikuwa bado anahangaika na mdeki.

Kwa hiyo silaha hiyo ya kushindilia, ambayo Liège, Ubelgiji, wameihifadhi kwenye makumbusho, huko Kongo iliendelea kuwa chombo cha kazi. Mafundi wa vijijini walijifunza kuitengeneza kwa mabomba ya chuma, na wawindaji wakaingia nayo msituni. Kuiita mabaki ya ushamba ni kuisahau sheria iliyoifungia njia bunduki nyingine.

Mwenye gobore la babu ndani ya nyumba asilijaribu. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na mtutu usiooshwa kwa maji ya moto huliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho halifiki. Mtutu wa namna hiyo unaweza kumpasukia usoni anayeufyatua.