Baridi yabisi ya miguu

Baridi yabisi ya miguu ni maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa maungio ya nyayo, vidole na vifundo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Haitokani na kipupwe wala kunyeshewa mvua.

Dalili

Huanzia kwenye maungio madogo, kwa kawaida miguu yote miwili. Mashina ya vidole huvimba, vidole vikaachana. Asubuhi miguu hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, na hatua za kwanza huwa kama kukanyaga changarawe. Ugonjwa ukikomaa, kidole gumba huwalalia wenzake, vingine hujikunja, na mifupa ya mbele ya unyayo hushuka hadi sugu ikaota chini yake. Sugu hiyo ikipasuka huwa kidonda, na kwa anayetumia dawa ya prednisoloni hakiponi upesi. Kano ya upande wa ndani wa kifundo ikilegea, unyayo hulala bapa.

Hadi wagonjwa 9 kati ya 10 huathirika miguu wakati fulani. Hata hivyo, uchunguzi mwingi huishia mikononi. Kipimo mashuhuri cha maungio 28 hakihesabu miguu kabisa, na hilo ni pengo kubwa.

Maradhi ya jirani

Jongo huweza kudhaniwa kuwa baridi yabisi, lakini lenyewe hushika ghafla kidole gumba, mara nyingi usiku.

Historia

Daktari Alfred Garrod wa London aliitenga baridi yabisi na jongo mwaka 1859.

Matibabu

Dawa ya methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki pamoja na asidi ya foliki, huokoa maungio ikianzwa mapema. Dawa ya diklofenaki hutuliza maumivu na uvimbe tu, na ikizoeleka hudhuru tumbo na figo. Viatu viwe vipana, vyenye soli nene na laini. Ndala hulazimisha vidole kujikunja ili visichomoke. Sugu isikatwe kwa wembe.

Kwa mkazi wa Tabora, Tanzania, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Zilizo kubwa zaidi ni Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Mwenye maungio yaliyovimba kwa wiki 6 asingoje yaharibike: aende hospitali, na avue viatu mbele ya daktari hata asipoambiwa.