Kumwombea Mwanao Nafasi Shule ya Kimataifa: Yajue Haya Kabla ya Kulipia Fomu

Mzazi anayefikiria kumpeleka mwanawe shule ya kimataifa aghalabu huanza kwa kuuliza karo ya muhula ni kiasi gani. Swali hilo lina haki yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mtoto atamaliza kwa mtihani gani, na mimi nitaweza kumfikisha huko?

Mitaala

Shule nyingi za kimataifa hapa Pwani hufuata mtaala wa Kiingereza, mfano Braeburn Mombasa. Mtoto hufanya IGCSE mwisho wa mwaka wa 11, akiwa na miaka 16 hivi, kisha A-Level kwa miaka miwili. Aga Khan Academy Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003, hufuata mtaala wa IB. Diploma ya IB ina masomo sita na insha ndefu ya utafiti, na alama za juu kabisa ni 45.

Wengi hujikwaa kwenye IGCSE. Huo si mwisho wa safari. Kwa kawaida njia ya chuo kikuu hupitia A-Level au diploma. Basi piga hesabu hadi mwaka wa 13. Mtoto akiingia mwaka wa 7, hiyo ni miaka 7, yaani mihula 21. Shule ikiongeza karo kwa shilingi 10,000 tu kwa muhula, utakuwa umeongeza 210,000 hadi mwisho.

Kumrudisha si rahisi

Mtoto wa mtaala wetu hupangiwa shule ya sekondari ya juu kwa matokeo ya KJSEA ya gredi ya 9, yakijumlishwa na KPSEA ya gredi ya 6 na tathmini za shuleni. Aliyesomea mtaala wa Kiingereza hana alama hizo. Ukikwama na karo akiwa mwaka wa 10, hutakuta mlango ulio wazi unakungoja. Tena mwaka wa masomo wa kimataifa huanza Agosti au Septemba, na wetu huanza Januari. Vilevile, mfumo wa KUCCPS umejengwa juu ya KCSE, kwa hivyo mwenye cheti cha nje lazima kwanza kilinganishwe. Iulize shule wanafunzi wake wa miaka ya karibuni waliingia vyuo gani.

Darasa na umri

Mtaala wa Kiingereza hupanga kwa umri. Mtoto aliyetimiza miaka 11 kufikia Septemba huingia mwaka wa 7, mwenye 12 mwaka wa 8. Usishtuke wakikutajia darasa usilolitarajia.

Makaratasi

Kwa kawaida huhitajika cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule za mwaka mmoja au miwili iliyopita, kadi ya chanjo, picha, nakala za vitambulisho vya wazazi, na barua ya mwalimu wa shule anayotoka. Asiye raia huongeza pasipoti na kibali.

Hapa kwetu majina ndiyo yanayochelewesha. Cheti kimeandikwa Swaleh, ripoti zinasema Saleh. Au cheti kina jina la babu na shule imelikata. Linganisha kila karatasi mapema, kwani kurekebisha cheti huchukua muda. Kama mtoto hana cheti kabisa, anza na hilo kabla ya kutafuta shule.

Mtihani na mahojiano

Mtoto hupimwa Kiingereza na hesabu, na mara nyingi huzungumza na mwalimu. Usimkaririshe majibu. Msomeshe kwa kumsomea vitabu na kumwacha aeleze alichokielewa. Wewe pia utaulizwa, nawe uulize: sala ya Ijumaa na ya adhuhuri, chakula cha halali, mavazi ya kuogelea, na saa ya kutoka kwa ajili ya madrasa. Kuuliza mapema ni bora kuliko kugombana baadaye.

Pesa

Ada ya fomu kwa kawaida hairudishwi, hata mtoto akikosa nafasi. Pata kwa maandishi: amana ni kiasi gani na hurudishwa lini, basi la shule, sare, chakula, ada ya mitihani ya mwisho, na notisi unayotakiwa kutoa ukimtoa mtoto.

Msaada wa karo

Usijiondoe kabla ya kuuliza. Aga Khan Academy hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia, na ina mpango wa kutafuta watoto wenye vipaji katika shule za msingi za umma za Pwani. UWC East Africa, iliyo Moshi na Arusha, pia hupokea vijana kwa ufadhili, na maombi ya diploma hupitia kamati ya taifa ya UWC. Msaada huu huombwa pamoja na nafasi au kabla yake. Ukingoja barua ya kukubaliwa, huenda umeshachelewa. Andaa hati za mapato, na sema ukweli.

Mtaka cha mvunguni sharuti ainame. Kaa na mwenzako, andikeni mihula yote hadi mwisho, kisha jiulizeni biashara ikiyumba mwaka mmoja mtafanyaje. Mkiwa na jibu, jazeni fomu. Mkikosa, shule nzuri ya karibu mtakayoimudu hadi mwisho itamfaa mtoto zaidi kuliko ya kimataifa atakayotolewa katikati.