Jinsi ya kujenga kivungulio nyuma ya nyumba kwa vifaa vilivyokwisha kutumika

KIVUNGULIO ni banda lililoezekwa kwa kitu kinachopitisha nuru, ambamo mimea hukuzwa ikiwa imekingwa na hali ya hewa ya nje. Huko Ulaya, ambako ujuzi huu ulistawi kwa karne kadhaa, shabaha ya kwanza ilikuwa kuinusuru mimea isife kwa baridi. Huku kwetu mambo ni kinyume, na wengi waliopata hasara waliipata kwa kutoizingatia tofauti hiyo.

Tukiondoa nyanda za juu kama Limuru na Nyandarua katika mwezi wa Julai, Kenya haina upungufu wa joto. Anachokitafuta mkulima wa nyanya ni paa litakaloyaepusha majani na mvua, pamoja na ukuta wa kuwazuia wadudu. Ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka wa 1845 na kuleta njaa kuu, hauwezi kushika mpaka jani likae likiwa limelowa kwa saa kadhaa. Mnyanya usionyeshewa huwa umeshinda nusu ya vita.

Kwa sababu hiyo, anayejenga kwa vifaa kuukuu asihangaishwe na nyufa. Miale ya jua hupenya kwenye karatasi ya plastiki, ikaipasha moto ardhi, nayo ardhi ikaipasha hewa. Hewa hiyo isipopata njia ya kutoka, banda hugeuka tanuri. Joto likizidi nyuzi 35, chavua ya mnyanya huanza kupoteza nguvu na maua hupukutika yasizae. Mkulima humwaga mbolea zaidi, akidhani udongo umechoka, kumbe ni paa lililokosa tundu.

Kwa ua wa kawaida, banda la urefu wa mita 6 na upana wa mita 3 linatosha. Humo huingia matuta mawili yenye upana wa mita 1 kila moja, na njia ya nusu mita katikati. Ukipanda mistari miwili katika kila tuta, na kuacha sentimita 45 baina ya mche na mche, utapata miche 48 hivi. Kuta zisipungue mita 2, na kilele cha paa kifike mita 3 au zaidi, kwa maana hewa moto hupanda, na banda refu huiweka mbali na mimea. Paa lenyewe lijengwe kwa vipande viwili visivyolingana kimo: kimoja kipite juu ya kingine na kuacha mwanya wa sentimita 30 katika urefu wote wa banda. Aliyewahi kupita kando ya mashamba ya maua ya Naivasha ameuona mtindo huo. Mwanya usielekee upande upepo unakotoka, la sivyo mvua itaingia na karatasi itang'olewa.

Sasa tuje kwenye vifaa. Nguzo za mkaratusi zilizobaki kwenye ujenzi hufaa sana, na hata mbao za kuzungushia zege, mradi zing'olewe misumari na kukaguliwa kama zimeliwa na mchwa. Shina la nguzo lisimamishwe juu ya kokoto, shimo likiwa na kina cha sentimita 60. Wapo wanaolipaka oili chafu ya magari ili kumfukuza mchwa. Oili hiyo ina masalia ya metali yenye sumu, na hapo pembeni ndipo chakula kitakapoota. Afadhali nguzo ioze baada ya miaka michache. Nguzo kuukuu za umeme pia zisitumiwe. Zile zilizotiwa kreosoti hutoa mvuke unaounguza majani banda linapopata joto, na zaidi ya hayo huwa ni mali ya watu.

Suala la umiliki si dogo. Anayenunua paipu za chuma au vyuma pembe kwa wauzaji wa vyuma chakavu na adai risiti. Biashara hiyo inasimamiwa na sheria ya mwaka wa 2015, na mnamo Januari 2022 serikali iliisimamisha nchini kote baada ya nyaya na milingoti ya umeme kuharibiwa. Marufuku hayo yaliondolewa Mei mwaka huo huo. Kivungulio cha nyanya si jambo la kumfikisha mtu kortini.

Karatasi ya paa ndiyo roho ya kazi. Ile nyepesi inayouzwa kwa wajenzi haikutiwa kinga dhidi ya miale ya urujuanimno, na hukauka ikachanika kabla ya mwaka kwisha. Inayofaa ni ile ya kilimo, yenye unene wa mikroni 200 hivi, ambayo mashamba makubwa huibadilisha kila baada ya miaka michache. Kipande kilichoshushwa kwenye shamba la maua chaweza kukuhudumia msimu mmiwili au mitatu zaidi. Kabla ya kulipa, kikunje na ukibinye kwa nguvu. Kikiacha mstari mweupe au kikilia kama jani kavu, kiache hapo hapo. Ukikinunua, kioshe kwa maji ya sabuni ukiwa umevaa glavu, kwa sababu hubeba vumbi linalozuia nuru na masalia ya dawa. Maji hayo yasimwagwe karibu na kisima wala mto.

Karatasi huanza kuraruka pale inapogusa chuma chenye moto na pale msumari unapopita. Paka chuma rangi nyeupe. Kwenye mbao, kata vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, uvilaze juu ya karatasi, kisha ukandamize kwa ufito na kupigilia. Wakati wa kuivuta karatasi uwe asubuhi au jioni kukiwa shwari. Upepo wa saa nane mchana huweza kuwabeba mafundi wawili pamoja nayo.

Madirisha ya kioo yaliyobomolewa hupendeza katika picha za Uingereza. Kwenye paa sipendekezi: ni mazito na hatari kwa watoto. Yatumike kama mlango, au ubavuni upande wa baridi, na rangi yake kuukuu isisuguliwe kwa msasa, maana huenda ina risasi. Mabati ya asbesto yasikaribishwe hata kwa kuzuia udongo wa matuta. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2006 huyahesabu kuwa taka hatari. Kuhusu banda la chupa za plastiki, ambalo shule nyingi hulipenda, hesabu ni zaidi ya chupa elfu moja kwa banda dogo, na hewa hupita kwa shida.

Ubavuni, kuanzia nusu mita juu ya ardhi, tundika neti. Chandarua kilichochakaa humzuia nondo wa Tuta absoluta, mharibifu wa nyanya aliyeripotiwa nchini mwaka wa 2014, lakini matundu yake ni makubwa kwa nzi weupe. Wao huhitaji neti ya kilimo yenye matundu ya chini ya nusu milimita. Chandarua kinachofaa bado kitandani kibaki kitandani.

Paa la mita 18 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hukusanya lita 180. Mnyanya uliokomaa hunywa lita moja au zaidi kwa siku, kwa hivyo pipa hilo litamalizika kabla ya siku nne. Pipa liwe lililobeba mafuta ya kupikia au sharubati, kamwe si kemikali.

Limebaki jambo ambalo haliokotwi jalalani, nalo ni udongo safi. Vivungulio vingi vilivyotelekezwa nchini havikuangushwa na upepo; viliangushwa na mnyauko wa bakteria, unaoingia kwa miche, majembe na viatu, kisha hukaa ardhini kwa miaka. Mche ukinyauka ghafla ungali wa kijani, kata shina karibu na ardhi, ulitumbukize katika gilasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukichuruzika baada ya dakika chache, ugonjwa umeingia. Ng'oa mche pamoja na mizizi na udongo wake, uchome. Msimu ujao usipande hapo nyanya, pilipili, biringanya wala viazi. Panda sukuma wiki au vitunguu, au ujaze magunia kwa udongo uliotolewa mahali ambapo mimea hiyo haijawahi kuoteshwa, na uyaweke juu ya mawe yasigusane na ardhi.